Malkia Kijiko na Mikopo Isiyo Yake

4 Februari

Wifi yangu wa kambini,

Sisi huku hatujambo, tena hatujambo kwa kelele, maana nakuandikia nikiwa jikoni karibu na tanuri na kaka yako yuko uani anagonga vyuma vyake. Mama anakusalimu sana. Goti lake limetulia tangu alipoacha kubishana na daktari akaanza kumeza dawa, ila yeye anasema goti limepona lenyewe, kwa hiyo ukiandika usiitaje dawa. Watoto wazima. Mkubwa amenipita urefu, sasa ananiangalia utosini kama mtu anayetafuta mvi.

Jambo lenyewe ni gari. Unajua nilipata leseni kabla ya mwaka kwisha, baada ya mkaguzi wa madereva kunirudisha nyumbani mara nyingi mpaka tukazoeana. Najua huko kwenu simu hazishiki mpaka mpande kilimani, kwa hiyo labda hukuona nilivyopongezwa. Niliiweka picha ya leseni kwenye ukurasa wangu, mbele na nyuma, na watu ambao hatujaonana tangu shule walinishangilia kama nimerusha ndege. Sasa nataka hiyo leseni ifanye kazi. Mikate ninayoweza kuoka ni mingi kuliko ile inayobebeka kwenye baiskeli. Wenye maduka wa upande wa pili wa mji wananiomba kila siku na siwezi kuwafikia. Kuna kigari cha mzigo kilichotumika, kaka yako amelala chini yake akakikagua, akatoka uso mweusi kwa grisi na meno yote nje. Wiki ijayo nakwenda benki kuomba mkopo.

Wanataka mdhamini mwenye ajira ya kueleweka. Nimewafikiria watu wengi, na wote walikuwa wewe.

Kaka yako ameshaanza kuchomelea rafu za kupangia trei. Nimemwambia gari lenyewe bado. Amesema hana haraka, kisha akaendelea kugonga.

Nijibu lori linaloleta barua likirudi.

Wifi yako wa tanuri


26 Februari

Wifi yangu wa tanuri,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya mafuta kwenye kona, nikajua ni yako kabla sijasoma. Mimi mzima. Wajenzi wa bwawa wanakula kama wao ndio watakaolijaza hilo bwawa. Nimeletewa msaidizi mpya jikoni, kijana wa watu lakini anakata vitunguu akilia mpaka wenzake wanampa pole ya msiba. Muuguzi wa kambi ndiye rafiki yangu siku hizi. Jumapili tunapanda wote kilimani kwenye tangi la maji, ndiko simu zinakopata uhai, kila mtu anasoma zake kimya kisha tunashuka tukisimuliana.

Mwambie Mama nimefurahi goti limepona lenyewe.

Udhamini nimekubali, wala hukuwa na haja ya kuniandikia kwa adabu yote ile. Nani mwingine akudhamini, na mimi ndiye niliyekuleta kwenye nyumba yetu? Kama si mimi kukukaribisha kwetu tukafanye kazi ya shule, kaka angekuonea wapi?

Nakwambia na hili, kisha naliacha. Kama kuna jambo linakubana, au kuna watu wanakusumbua kwa lolote, niambie. Sitakuhoji, wala kaka hatasikia kutoka kwangu. Binadamu hupitiwa.

Rafu zipakwe rangi, mwambie, zisije zikatia mikate kutu.

Wifi yako wa kambini


20 Machi

Wifi,

Salamu. Hapa wote wazima. Mama ameshona mapazia ya chumba cha watoto, ametumia macho yake mwenyewe na miwani ya kaka yako.

Habari ya gari tuiache kwanza.

Ile nakala ya kitambulisho changu niliyokutumia ulipoajiriwa, ulipoandikisha ndugu wa karibu, iko wapi? Bado unayo wewe, au ulimpa mtu?

Wako,
Mke wa kaka yako


9 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako imekuja nyembamba mpaka nikaitazama kwenye mwanga, nikidhani ukurasa mwingine umegandana na bahasha. "Mke wa kaka yako." Tangu lini unajitambulisha kwangu kama mgeni mlangoni?

Nakala unayoulizia iko kwa karani wa kampuni, kwenye kabati la chuma, na ufunguo anauvaa shingoni. Nilimwendea nikamwomba anionyeshe. Alinung'unika, lakini alifungua, na nimeiona kwa macho yangu, bado imebanwa kwenye faili langu. Hakuna mtu niliyempa.

Sasa na mimi nikuulize. Kuna nini? Kaka amefanya nini? Au wewe? Kama ni benki wamekukatalia, hilo si la kunifichia mimi. Nilikwambia mwezi wa pili na narudia: lolote lililopita, mimi sina neno.

Huku mvua imeanza na lori linachelewa. Muuguzi anakusalimu ingawa hakujui. Amesikia habari zako mpaka anadhani mmeonana.

Wifi yako, na si dada wa mume wako tu


2 Mei

Wifi,

Hujambo huko kwenye mvua. Mama amenitazama nikitafuta kalamu akasema, "Mwandikie yote, unatembea humu ndani kama mtu aliyemeza kijiti." Basi nakuandikia yote.

Nilikwenda benki kama nilivyokwambia, nimevaa lile gauni la bluu. Afisa mikopo ni mama mmoja mpole, anaongea polepole kama mtu anayesoma majina ya waliofeli. Akabonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena.

"Mama, mbona una mikopo mingi usiyolipa?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mimi hata chumvi sijawahi kukopa kwa jirani."

Akakigeuza kioo nione. "Jina hili ni lako?"

Langu, majina yote matatu.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Yangu.

"Namba ya kitambulisho?"

Nikatoa kitambulisho mkobani, nikasoma namba moja moja kidole kikiwa juu yake. Yangu. Ila namba ya simu sikuijua. Kuna mtu amesajili laini ya simu kwa jina langu, akaitumia kuchukua mikopo ya kwenye simu, kisha akaingia duka la samani katika mji ambao mimi sijawahi hata kushuka stendi, akachukua jokofu kubwa la milango miwili na viti vya sebuleni, alipe mwezi kwa mwezi. Hajalipa hata mwezi mmoja. Kote huko mdaiwa sugu ni mimi. Afisa akasema kwa upole uleule, "Kwa rekodi hii, benki yoyote utakayokwenda itakujibu kama mimi." Nilitoka pale. Nikakaa kwenye ngazi za benki mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Polisi nimekwenda, wameandika maelezo yangu na kunipa karatasi yenye mhuri. Wenye ile mikopo ya simu nikawapigia. Binti aliyepokea akaniambia mkopaji alijibu maswali yote ya usalama bila kusita. Jina la mama mzazi. Shule ya kwanza. Jina la utani la utotoni. Nikamuuliza, hilo jina alijibu nini? Akasema, "Kijiko."

Wifi, jina hilo ulinipa wewe, darasani, kwa sababu nilikuja na kijiko changu mfukoni kila siku. Kaka yako mwenyewe halijui. Na nakala ya kitambulisho nilikupa wewe. Na jokofu la milango miwili, nani analihitaji kama si mpishi?

Nimelibeba swali hili tangu mwezi wa tatu na limenichosha. Nakuuliza mara moja: kuna unachokijua?

Wa tanuri


18 Juni

Wifi yangu,

Salamu kwa Mama, kaka na watoto. Mimi mzima.

Lori la kwanza baada ya barua yako niliacha liondoke. Dereva alipiga honi akinisubiri, nikamwambia leo sina barua. Nilikuwa nayo, lakini haikuwa ya kutumwa. Ilikuwa na maneno kuhusu jokofu. Nina majokofu ya kampuni hapa ambayo mtu anaingia akiwa amesimama na kufunga mlango, nikaibe lingine nikaliweke wapi, chini ya kitanda? Hayo yaishe hapo. Nilikasirika, nimemaliza.

Jumapili nilimwambia muuguzi tupande kilimani mapema. Njiani nikamsimulia. Akauliza swali moja tu: "Huyo wifi yako, mtandaoni anaandika sana?" Nikasema hapana, ni mtu wa mikate. Tulipofika juu tukafungua ukurasa wako.

Sikiliza sasa. Picha ya leseni ipo, na unatabasamu vizuri. Muuguzi akaikuza kwa vidole viwili. Chini ya jina lako pameandikwa tarehe ya kuzaliwa, na chini ya tarehe, kwa herufi ndogo, namba ya kitambulisho. Yote. Hakuhitaji nakala ya kabatini mtu huyo. Tukashuka chini kidogo ya ukurasa. Kuna siku ulicheza ule mchezo wa "Jua jina lako la kimalkia." Waliuliza jina la utani la utotoni, ukajibu. Wakauliza jina la mama yako mzazi, ukajibu. Shule uliyoanzia, ukajibu na ukaongeza jina la mwalimu, hata hawakukuomba. Mwisho wakakupa cheo, Malkia Kijiko wa Kwanza, na watu wamecheka chini yake. Na mimi nimecheka, jina langu lipo pale. Nilikuwa likizo wakati huo, nikaliona lote na sikuwaza chochote.

Muuguzi akaniambia, "Huyu mwizi hakuvunja mlango. Alikaribishwa, akapewa na kiti." Nikamwambia usimseme wifi yangu.

Na mimi nina la kusema, kwa sababu wewe umesema lako. Mwezi wa kwanza, nikiwa kilimani, nilipata ujumbe wa wenye mikopo: wifi yako anadaiwa na amekutaja wewe, mwambie alipe. Namba yangu mwizi aliitoa kwenye tangazo lako la zamani la mikate, lile uliloandika "nikikosekana mpigieni wifi." Niliamini. Nilidhani tanuri limekulemea, ukakopa kimyakimya na unaona aibu. Nikalipa sehemu, nikanyamaza. Ndiyo maana nilikuandikia yale ya binadamu hupitiwa. Nilikuwa najiona mtu mwema sana.

Kwa hiyo wewe ulinidhania mwizi na mimi nilikudhania mdaiwa, na kila mmoja alikuwa anamstahi mwenzake. Kama tungeacha kustahiana kidogo, haya yangekwisha mwezi wa pili.

Muuguzi anasema ukurasa uufunge kwa wasiokufahamu, picha ile na mchezo ule ufute leo hiihii, nywila zote ubadili na usiweke jina la mtoto wala tarehe yoyote. Kisha nenda kwenye ofisi inayotunza rekodi za mikopo, na karatasi ya polisi mkononi, uwaambie kila deni si lako, moja moja, kwa maandishi. Na waombe waweke alama kwenye jina lako, mtu akitaka kukopa kwa jina hilo wakupigie wewe kwanza. Yaliwahi kumfika dada yake, ndiyo maana anajua.

Andika upesi.

Wifi yako


5 Julai

Wifi yangu, wifi yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Mama akauliza kama kuna aliyekufa. Nikamwambia hapana, kuna aliyefufuka.

Nisamehe. Sitaki kuliremba. Nilikaa na jina lako mdomoni miezi na sikulitema wala kulimeza. Mama nilimwambia kila kitu jana, na swali nililokuuliza. Akasema, "Basi umpikie mkate wa maziwa atakapokuja, na umsimulie mwenyewe ukimtazama." Ndiyo adhabu niliyopewa, nimeipokea.

Picha nimefuta. Mchezo nimefuta. Nilipokuwa nafuta nikasoma majibu yangu yote, nikajiona kama mtu aliyetembea sokoni na mkoba wazi akiwaonyesha watu kilichomo. Nywila yangu ya kila kitu ilikuwa "mkate" na mwaka wa kuzaliwa. Usicheke. Sasa ni ndefu na haina maana yoyote, kaka yako anasema ni kama jina la dawa.

Ofisi ya rekodi nilikwenda na karatasi yenye mhuri. Kijana wa pale hakushangaa hata kidogo, alinipa kiti kama mtu anayepokea wagonjwa wa mafua. Amepokea pingamizi langu kwa kila deni na ameweka ile alama. Akasema wenye kudai sasa wana kazi ya kuonyesha kwamba ni mimi.

Duka la samani ndilo lililonifurahisha. Niliwapigia, wakabisha sana. Nikawaomba watafute aliyepokea mzigo. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha yule bwana akarudi na sauti nyingine. "Mama, samahani, mzigo ulipokewa na mwanamume mwenye ndevu. Alisema ni mumeo."

Kaka yako alikuwa amesimama karibu. Deni hakulijali. Alisema, "Mwenye ndevu?" na akajishika kidevu, kidevu unachokijua, ambacho tangu harusi kinaotesha nywele chache tu na anazihesabu. Siku nzima alikuwa mtu wa kununa. Watoto wanamwita baba mdogo.

Pesa ulizowalipa nimeziandika kwenye pingamizi. Hukuniambia ni ngapi, na najua hutaniambia.

Wifi yako, Kijiko


27 Julai

Kijiko wangu,

Sasa huu ndio mwandiko wako. Nilisoma mbele ya muuguzi, na tulipofika kwenye kidevu cha kaka alilazimika kuweka chini kikombe chake.

Nimekusamehe tangu siku niliyoacha lori liondoke. Ungeninunia kimya ningeumia zaidi. Uliniuliza, na kuuliza ndiko kulikotutoa. Hata hivyo ule mkate wa maziwa uoke, sitaki Mama aone umepuuzwa uamuzi wake.

Kuna mabadiliko huku. Nilimwomba karani anionyeshe faili langu tena, safari hii nione nakala yangu mwenyewe. Nikakuta nakala za vitambulisho za kambi nzima zinatumika upande wa nyuma kama karatasi za kuchapia ratiba ya zamu, na ratiba inabandikwa ukutani bwaloni. Wifi, nimekula mbele ya kitambulisho cha fundi umeme mwaka mzima. Nilimwendea msimamizi. Alianza kunieleza habari ya kubana matumizi ya karatasi. Nikamgeuzia ratiba nikamsomea tarehe yake ya kuzaliwa mbele ya watu. Sasa kambi imenunuliwa karatasi, na nakala zote zimechomwa kwenye jiko langu. Nimepika nazo chai.

Benki ikikuita, niambie nitie sahihi wapi.

Wifi yako wa kambini


23 Agosti

Wifi yangu wa kambini,

Hatujambo sana. Watoto wako shuleni, Mama yuko nje, na kaka yako amepaka rafu rangi ya kijani bila kumuuliza mtu. Kama ulivyosema, hazitatia mikate kutu.

Nimeitwa na ofisi ya rekodi. Madeni yote yamefutwa kwenye jina langu, na ile laini imefungwa. Mwenye ndevu hajapatikana. Polisi wanasema alichukua mikopo kwa majina ya watu wengi kwa njia hiyohiyo, na jalada liko wazi. Zamani ningelala na hasira naye. Siku hizi nalala mapema, nina mikate ya kuoka. Pesa ulizolipa, wenye mikopo watakurudishia kwenye simu yako, kwa hiyo ukipanda kilimani utazikuta, na mimi nitajua ni ngapi kwa sababu barua yao imekuja kwangu. Wifi, ulilipa zote hizo na ukaendelea kuniandikia habari za vitunguu.

Kisha nikarudi kwa yule afisa mpole. Akabonyeza kompyuta, akatabasamu kabla hajaniambia kitu. Alipofika kwenye karatasi yako ya udhamini, ile uliyoirudisha na lori, akauliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema ni wifi. Akainua macho. "Wifi? Na mnaelewana?" Nikamwambia tunaelewana kiasi cha kugombana. Akagonga mhuri.

Gari liko mbele ya nyumba. Ni jeupe, lina mkwaruzo mrefu mlango wa kulia, na linaanguruma kama mtu anayesafisha koo. Jana niliwapelekea wenye maduka wa upande wa pili wa mji mikate ikiwa bado ya moto. Mwenye duka la kwanza alivunja mkate pale pale kaunta akaula ungali unafuka moshi. Nilirudi na trei tupu zikigongana nyuma njia nzima, nikaendesha polepole makusudi ili nizisikie.

Najua utataka kuliona. Mtandaoni sijaliweka, watu wa huko watanisamehe. Nimelipiga picha nikaenda kuichapisha studio, iko ndani ya bahasha hii. Mama alisikia napiga picha akatoka mbio, goti na yote, akaenda kusimama katikati, mbele kabisa, amekunjua gauni lake kushoto na kulia kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mama, sogea kidogo, unaziba namba ya gari." Akasema, "Ndiyo kazi niliyokuja kufanya. Piga."

Wifi yako